Usafi wa mipira na koki za bia ya keg: hasara isiyoandikwa kwenye daftari

Wafanyabiashara wengi wa baa ndogo katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki wanajua kwa shilingi na senti bei ya kununulia keg moja, kodi ya nyumba, mshahara wa mhudumu na bili ya umeme. Ukiwauliza kiasi cha bia kinachoishia kwenye ndoo iliyo chini ya koki, wengi hawana jibu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kusafisha mpira unaopitisha bia kutoka kwenye keg na koki inayoimimina. Ni kazi ya chini ya saa moja, na wengi huikumbuka pale tu mteja anapolalamika.

Biashara hii si ngeni. Nchini Kenya, bia ya Senator Keg ilianza kuuzwa mwaka 2004 ikilenga wananchi wa kipato cha chini ambao wengi wao walikuwa wakinywa pombe haramu. Bei yake ilishushwa kwa msamaha wa ushuru wa bidhaa, na kwa kuuzwa kwenye mapipa ya chuma badala ya chupa. Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilipopunguza msamaha huo bei ilipanda na mauzo yakaporomoka vibaya, hadi mwaka 2015 msamaha uliporejeshwa kwa kiwango cha asilimia 90. Mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu kilifunguliwa upya ili kutengeneza bia hiyo hiyo.

Funzo la kiuchumi hapa ni kwamba mnywaji wa keg huhesabu kila shilingi. Ukimwongezea bei kidogo, anahama. Hivyo basi mwenye baa hana nafasi ya kufidia uzembe wake kwa kupandisha bei ya kikombe, na kila lita inayomwagika inatoka mfukoni mwake.

Tufanye hesabu. Keg ya lita 50 ina vikombe 100 vya nusu lita. Tuseme mpira ni mchafu na asilimia 10 ya bia inatoka kama povu la kumwaga. Hizo ni lita 5, yaani vikombe 10 kwa kila keg. Baa inayouza keg 4 kwa wiki itakuwa imemwaga vikombe zaidi ya 2,000 kwa mwaka. Msomaji aweke bei ya mtaani kwake mwenyewe.

Sasa tazama gharama ya upande wa pili. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha robo inchi hubeba takriban mililita 32 za bia kwa kila mita. Mpira wa mita 3 una bia isiyofika hata mililita 100, sawa na mafunda machache. Hiyo ndiyo bia unayopoteza unapousafisha, na ukisafisha wakati keg imekwisha hupotezi kitu, kwa sababu gesi imekwishaisukuma yote nje.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika mji mmoja wa mpakani nikifuatilia habari za bei za nafaka. Mwenye baa niliyofikia alikuwa amekasirika, akidai kwamba msambazaji alikuwa akimletea bia iliyoharibika. Alikwisharudisha keg mbili, na ya tatu nayo ikatoa povu na harufu ya siki. Fundi wa majokofu aliyekuwa akipita akafungua koki kwa spana. Ndani mlikuwa na ute wa rangi ya kahawia mzito kama uji, na kwenye raba kulikuwa na vidoa vyeusi vya ukungu. Nilipouliza koki ile ilifunguliwa lini mara ya mwisho, mama yule alinijibu kwa uaminifu kabisa, "Mwanangu, kumbe inafunguliwa?"

Uchafu wenyewe ni wa aina tatu, na kila mmoja una dawa yake. Wa kwanza ni utando wa bakteria na hamira unaojishika ndani ya mpira. Bakteria wanaotengeneza asidi ya siki huhitaji hewa, ndiyo maana hukaa zaidi mdomoni mwa koki. Wengine hukaa ndani zaidi na kuipa bia uchachu, au ladha ya siagi iliyochacha. Bakteria hawa hawajulikani kwa kumlaza mtu hospitali, ila wanaua ladha, na mteja hakuambii bali huenda baa ya jirani. Wa pili ni mabaki ya protini na hopsi. Wa tatu ni jiwe la bia, gamba gumu la kalsiamu linalotokana na nafaka pamoja na maji, ambalo hukwaruza uso wa ndani wa mpira. Gesi iliyoyeyuka kwenye bia inapopita juu ya mikwaruzo hiyo hutoka kwa nguvu, na hapo ndipo povu linapoanza. Watu wengi hukimbilia kupunguza presha ya gesi, ilhali tatizo liko kwenye mpira.

Hali ya hewa yetu nayo inachangia. Katika baa nyingi keg iko ndani ya jokofu lakini sehemu ya mpira na koki viko nje, kwenye joto la nyuzi 30. Bia iliyolala humo usiku kucha ndiyo anayopewa mteja wa kwanza asubuhi. Angalau, wakati wa kufunga baa, koki ioshwe kwa maji safi nje na mdomoni, ifutwe na ifunikwe.

Kuhusu muda, chama cha watengenezaji bia wadogo cha Marekani hupendekeza mpira usafishwe kila baada ya siku 14. Uingereza desturi ni kila wiki. Kwa maoni yangu, baa ya Mombasa, Tanga au Kisumu ambayo mpira wake hauko kwenye baridi wakati wote ingefuata ya Waingereza.

Dawa inayotumika zaidi ni kostiki soda, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni. Kiwango ni asilimia 2, yaani gramu 20 kwa kila lita ya maji. Kwa mpira mmoja lita 2 zinatosha, na ziada hutumika kulowekea vifaa. Bora kununua dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa mipira ya bia, maana ina viungo vya kuzuia gamba na kusaidia kusuuza, nayo ifuatwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake. Ukilazimika kutumia kostiki ya kawaida, iwe safi ya daraja la chakula, na ipimwe kwa mizani. Kukadiria kwa kijiko ni kamari.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Kostiki huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho. Tia kostiki ndani ya maji polepole, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, kwa sababu huchemka na kurukia usoni. Usiiweke kwenye chombo cha alumini, kwani huila na kutoa gesi inayowaka. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya bia hata kwa dakika moja, maana mtoto au mlevi atainywa. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

Kazi yenyewe inaanza kwa kufunga mtungi wa gesi, kutoa kichwa cha keg na kufungua koki ili presha iliyobaki itoke. Pitisha maji safi ya baridi hadi yatoke yakiwa meupe. Hatua hii watu huiruka, nayo ina sababu ya kikemia. Kaboni dioksaidi iliyo ndani ya bia hula nguvu ya kostiki, hivyo ukianza na dawa juu ya bia unaidhoofisha kabla haijafanya kazi. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie mtungi wa gesi ya bia kusukuma dawa. Tumia pampu ya mkono, pampu ndogo ya umeme, au ndoo iliyoinuliwa juu ya meza ili dawa ishuke kwa uzito wake.

Dawa iwe ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 27 na 43. Yakizidi hapo mpira wa plastiki hulegea na kuharibika, na yakiwa baridi utando hautoki. Mwenye pampu aizungushe dawa mfululizo kwa dakika 15, kwani mwendo wa maji ndio unaosugua. Asiye na pampu ajaze mpira, afunge koki, na aache dawa ikae dakika 20, akiibadilisha mara moja au mbili katikati. Usiiache ilale usiku kucha. Nimesikia wanaofanya hivyo kwa imani kwamba muda mrefu ni usafi zaidi, lakini kesho yake mhudumu mwingine akija bila habari, kikombe cha kwanza atakachomimina ni cha kostiki.

Kisha suuza. Pitisha maji safi, tena mengi kuliko unavyodhani, lita kadhaa hata kwa mpira wa mita 3. Kuonja kwa ulimi si kipimo, wala kugusa utelezi kwa kidole. Nunua karatasi za kupimia pH. Chovya moja kwenye maji ya bombani na nyingine kwenye maji yanayotoka kwenye koki. Rangi zikifanana, umemaliza. Zisipofanana, endelea kusuuza. Karatasi moja ni rahisi mno ukilinganisha na kesi ya mteja aliyeungua koo.

Koki ina kazi yake peke yake, kwa sababu dawa ikipita katikati haifiki kwenye pembe zote. Ifungue kwa spana yake, toa kila kipande, loweka kwenye dawa iliyobaki kama ni ya chuma kisichoshika kutu, sugua kwa brashi nyembamba ndani ya mdomo na kwenye tundu dogo la hewa, kisha suuza. Raba iliyopasuka itupwe, isigeuzwe upande. Koki nyingi za bei nafuu ni shaba iliyopakwa rangi ya fedha. Rangi ikibanduka, bia hupata ladha ya chuma na uchafu hupata mahali pa kujishika. Ukiona njano ndani ya koki, usihangaike kuisafisha, badilisha. Kichwa cha keg nacho kifutwe kila keg inapobadilishwa, na kifunguliwe chote mara mbili kwa mwaka.

Kostiki haiondoi jiwe la bia vizuri. Kwa hilo, kila baada ya miezi 3, hupitishwa dawa ya asidi ya mipira ya bia, baada ya kostiki kusuuzwa kabisa. Wenye kutumia maji ya visima vya pwani, ambayo ni magumu na yana chumvi, watakuta gamba hili linarudi haraka zaidi. Aidha, klorini ya kufulia nguo, ambayo wengi huiita Jik, isitumike hapa. Inakula chuma, inaacha harufu ya dawa ndani ya bia, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu ndani ya chumba ambacho pengine hakina hata dirisha.

Anayetengeneza bia nyumbani kwa kiwango kidogo, kama walivyo wengi Marekani ambako sheria iliyotiwa saini mwaka 1978 ilifungua mlango huo, hutumia mapipa ya lita 19 yaliyoanzia kwenye biashara ya soda. Mpira wake ni mwembamba, unabeba karibu mililita 18 kwa mita, na utaratibu ni ule ule. Tofauti ni kwamba keg ya nyumbani yaweza kukaa miezi miwili, hivyo asafishe kila inapokwisha na afungue koki kila baada ya wiki mbili hata kama kanywa kikombe kimoja tu. Kenya, anayetengeneza ili auze anahitaji leseni.

Mpira wa plastiki ubadilishwe kila mwaka mmoja hadi miwili, au mapema zaidi ukianza kuwa mgumu au kubadilika rangi. Uwe wa daraja la chakula. Mpira wa bustani au wa mafuta ya pikipiki hutoa ladha ya plastiki ambayo hakuna dawa itakayoiondoa. Kwa wanaonunua vifaa ng'ambo ya mpaka, hati rahisi ya uasilia wa bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotolewa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, inahusu bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama. Koki iliyotoka China na kununuliwa Nairobi haiwi ya Kenya kwa kuwa risiti ni ya Kenya. Iulizie ushuru wake kabla hujaifikisha kwenye dawati la forodha, na risiti uibakize mkononi.