Habari za Kutayarisha Nyuzi: Usumba, Pamba na Mkonge

Tangu zamani watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakusokota kamba kwa kumbi lililotoka tu katika nazi. Kwanza makumbi yalifukiwa katika matope ya ufuoni miezi kadhaa, hata vijidudu vikaula utomvu unaogandamanisha nyuzi. Kisha yalifukuliwa, yakapondwa kwa magongo, ukapatikana usumba. Kamba za usumba ndizo zilizoshonea mbao za mtepe pasipo msumari.

Huko Uingereza, mwaka 1844, John Mercer wa Lancashire alichuja kostiki soda kwa kitambaa cha pamba. Akaona kitambaa kimenywea, kimenenepa, kimekuwa imara zaidi, tena chashika rangi vizuri. Mwaka 1850 alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake.

Mkonge nao uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ilisalimika. Mwaka 1964 mavuno yalizidi tani 200,000, na sehemu kubwa ikasokotwa kamba. Kamba za plastiki zilipoenea, bei ilianguka na mashamba mengi yakaachwa. Basi ilipasa kuutafutia uzi huo kazi nyingine.

Kazi moja ni kuutia katika gundi ngumu, kama chuma kitiwavyo katika zege, upatikane ubao mwepesi wenye nguvu. Lakini uzi wa mkonge hupenda maji, na gundi za namna hiyo huyakataa. Tena uzi umefunikwa kwa nta. Visiposhikana, mzigo hautoki katika gundi kuingia katika uzi, na ubao uvunjikapo uzi huchomoka mzima. Hapo ndipo dawa ya Mercer iliporudi. Soda huondoa nta na sehemu ya lignini, ikaacha uso wa kukwaruza ambao gundi hupata pa kushika. Ikizidi ukali, huila selulosi yenyewe, na uzi hudhoofika.

Mwaka 1992 Elifas Bisanda wa Tanzania na Martin Ansell wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa mkonge uliotiwa katika gundi ya mafuta ya maganda ya korosho. Mwaka 2000 Bisanda aliandika tena, juu ya soda na mshikamano wa mkonge. Hivyo mazao mawili ya nchi moja yalikutanishwa.

Wafukiaji wa makumbi walitaka nyuzi ziachane. Wataalamu hawa walitaka zishikane na gundi. Nia ni mbalimbali, lakini ujuzi ni mmoja: nguvu ya uzi haimfai mtu mpaka uondolewe kwanza ulichozaliwa nacho juu yake.