Mto, Bahari na Ghala: Habari za Kujiandaa na Mafuriko katika Rufiji



Kamati ya Sherehe iliponitaka niandike habari kwa ajili ya kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, nilidhani nitaandika juu ya bei, mizani na magunia. Lakini nilipoketi na madaftari yangu mezani, niliona kuwa kurasa za mwaka 2024 zina mistari iliyofutwa na maji, na majina ya watu yamebaki madoa ya wino tu. Basi niliomba ruhusa niandike juu ya kile kilichofuta mistari ile, yaani mafuriko ya mto na dhoruba za bahari, na jinsi watu wa nchi hii walivyojiandaa nayo tangu zamani. Mimi si mwanachuoni. Nilimaliza kidato cha nne, kisha nikaingia katika kazi ya ushirika. Haya nitakayoyasema nimeyapata vitabuni, kwa wazee, na katika ghala lililojaa tope.

Yafaa kwanza tuujue mto wetu. Rufiji huzaliwa pale Kilombero na Luwegu inapokutana, na mbele kidogo huongezewa maji ya Ruaha Mkuu. Nchi inayoumwagia maji mto huu ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu sehemu moja kwa tano ya Tanzania Bara. Kwa sababu hiyo mvua iliyonyesha Iringa au Mahenge huja kutudai sisi wa chini baada ya siku nyingi, huku mbingu za Utete zikiwa nyeupe. Mwisho mto hugawanyika katika mikono mingi na kuingia baharini katikati ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki. Huko maji mawili hukutana. Mto ukiwa umejaa na bahari nayo ikiwa katika bamvua, maji ya juu hukosa njia ya kutokea, hukaa mashambani na kupanda mpaka milangoni mwa nyumba.

Wazee wetu hawakuyahesabu mafuriko kuwa adui. Waliyahesabu kuwa mgeni ambaye hana budi kuja, na ambaye akikosa kuja ni njaa. Maji yalileta rutuba bondeni, na yalipoondoka watu walipanda mahindi, kunde na maboga katika udongo uliobaki na unyevu. Kilimo hicho huitwa mlau hata leo. Mpunga ulipandwa wakati wa mvua. Mafuriko makubwa yakiufagia mpunga, mlau huwalisha watu. Na mwaka ambao mto haukupanda, mpunga ndio hutegemewa. Aliyekuwa na busara hakuwa na shamba moja tu. Alikuwa na kipande cha juu na kipande cha chini, maji yakichukua kimoja abaki na kingine. Shambani alijenga dungu juu ya nguzo ndefu, akalala humo kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani, na maji yalipopanda dungu likawa nyumba yake. Mtumbwi ulifungwa karibu. Hayo yote yalikuwa maandalizi kamili ya maafa, ingawa hayakuandikwa katika karatasi yoyote.

Mwaka 1968 mto ulifurika sana. Serikali, kwa nia njema ya kuokoa watu na kuwapatia shule, zahanati na maji safi, iliamua kuwahamisha wakazi wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vipya vya ujamaa kwenye nchi ya juu, hasa upande wa kaskazini wa mto. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Rufiji, nayo ilikuwa miongoni mwa operesheni za kwanza za namna hiyo katika nchi yetu. Nyumba zilikwenda juu, lakini mashamba hayakuweza kuhamishwa. Udongo wenye rutuba ulibaki ulikokuwa. Mkulima alilazimika kutembea mwendo mrefu kila siku, au kuyaacha mazao bila mlinzi, na wanyama wakala kabla ya mwenyewe. Mavuno yakapungua. Haukupita muda mrefu watu wengi walianza kurudi bondeni, wengine kwa msimu, wengine moja kwa moja. Hawakurudi kwa ukaidi. Walirudi kwa sababu chakula chao kilikuwa kule.

Mto nao haukungoja watu wamalize shauri hilo. Mwaka 1974 ulifurika tena kwa ukali, na mwaka 1978 vilevile. Baada ya mafuriko ya 1978 sehemu kubwa ya maji ya mto ilielekea upande wa kaskazini wa delta. Huko maji matamu yakaisukuma chumvi nyuma na kilimo cha mpunga kikaenea, lakini upande wa kusini chumvi iliingia mahali palipolimwa zamani. Wana ushirika yatupasa kukumbuka jambo moja zaidi la miaka hiyo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, navyo havikurudi mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo mafuriko ya 1978 yalimkuta mkulima akiwa peke yake, hana chombo chake mwenyewe cha kumkopesha mbegu wala cha kumsemea.

Hayo ni ya mto. Sasa tugeuke upande wa bahari. Vimbunga vya Bahari ya Hindi hupata nguvu kwa joto la maji, lakini ili vizunguke huhitaji kuwa mbali kiasi na Ikweta. Ndiyo maana vingi huishia Madagaska na Msumbiji, na pwani yetu imezoea kujiona salama. Usalama huo si kamili. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu mingi sana. Bagamoyo pia iliharibiwa. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Tazameni kwamba vyote viwili vilikuja Aprili, wakati kaskazi imekwisha na kusi haijashika, nayo masika imeujaza mto. Miaka themanini ni mingi kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja. Aliyekiona cha kwanza hakuwepo kumwonya aliyekiona cha pili.

Siku hizi ishara zimekuwa za karibu zaidi. Machi 2019 kimbunga Idai kiliangamiza mji wa Beira, na zaidi ya watu 600 walikufa katika Msumbiji. Mwezi uliofuata Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma, na Mtwara shule zilifungwa na watu wakaamriwa kuondoka mabondeni. Aprili 2021 Jobo kilielekea pwani yetu lakini kikanyong'onyea kabla ya kufika kwa nguvu. Kisha, tarehe 4 Mei 2024, Hidaya kilifika karibu na Mafia nguvu zake zikiwa zimekwisha kupungua. Hidaya maana yake ni zawadi. Mvua ya zawadi hiyo iliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, na magari yakakaa foleni pande mbili bila kupita.

Wakati Hidaya kinakuja, Rufiji na Kibiti zilikuwa tayari zimo majini. Mvua za msimu ule zilikuwa nyingi kupita kawaida, Bwawa la Julius Nyerere lilijaa, na maji yakafunguliwa. Muhoro na vijiji vingi vya bondeni vilifunikwa. Katika chama cha msingi ninachokitumikia, ghala letu lilikuwa limejengwa karibu na barabara ya shamba, mahali pa chini, kwa sababu hapo mwanachama humaliza haraka kupima mzigo wake. Habari ya maji tuliipata mapema; siwezi kusema hatukuonywa. Lakini hatukuwa tumepatana nani ataleta mtumbwi, nani ana ufunguo wa pili, wala magunia yapelekwe nyumba ya nani. Tulibishana mpaka magharibi. Usiku maji yaliingia. Tulipoteza mbegu ya mpunga ya msimu uliofuata, na daftari la hisa na madeni lililowa kurasa zote.

Mbegu tuliweza kuitafuta tena kwa shida. Daftari ndilo lililotutesa. Kwa majuma mengi nilikaa chini ya mwembe nikimwita kila mwanachama aseme alichoweka na anachodaiwa, na jirani yake ashuhudie. Wengi walisema kweli. Mama mmoja mjane alikuwa na hisa zaidi ya alizokumbuka, na kama hatungepata stakabadhi yake ya zamani imefungwa katika kitambaa ndani ya sanduku lake, angedhulumiwa na sisi wenyewe bila ya sisi kujua. Tangu siku ile nimeamini kuwa kuhifadhi daftari ni kuhifadhi haki ya mtu.

Tunayo ya kujifunza kwa wenzetu. Mwezi wa Novemba 1970 kimbunga kiliua watu wasiopungua laki tatu katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Toka mwaka 1972 nchi hiyo, pamoja na Chama cha Msalaba Mwekundu, ilianza kuandaa watu wa kujitolea vijijini, wenye bendera na vipaza sauti, wanaokwenda nyumba kwa nyumba. Kazi haikuwa nyepesi. Mwaka 1991 walikufa tena watu karibu 138,000. Hawakukata tamaa, wakazidisha majengo ya kukimbilia. Jambo moja lao lanivutia kuliko yote. Waligundua kuwa watu hawataki kuondoka kwa sababu ya ng'ombe wao, basi wakainua vilima vya udongo ili mifugo ipande huko. Kimbunga Amphan kilipokuja mwaka 2020, zaidi ya watu milioni mbili waliondolewa pwani, na waliokufa katika Bangladesh hawakufika hamsini. Na jirani zetu wa Msumbiji, baada ya mafuriko ya mwaka 2000 yaliyoua watu wapatao 700, walianzisha kamati za vijiji na bendera za rangi: buluu kimbunga kikiwa mbali, njano kikikaribia, nyekundu kikiwa mlangoni.

Tukiyaweka yote haya pamoja, historia yatuambia neno moja. Mtu hakimbii maafa akiacha nyuma chakula chake, mbegu yake na haki yake, bila kujua kwamba vitahifadhiwa. Mpango wa 1968 uliokoa nyumba ukasahau shamba, na watu wakarudi. Mpango wa Bangladesh ulikumbuka ng'ombe, na watu wakaondoka. Kulinda roho na kulinda riziki ni kazi moja.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kutoka taifa mpaka kijiji. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Hizo ni kazi za Serikali, nasi twashukuru. Lakini tangazo la redio halibebi gunia. Kati ya tangazo na gunia pana nafasi, na nafasi hiyo ndiyo ya ushirika. Sisi ndio tunaojua kila mwanachama analima wapi, ana magunia mangapi, na nani kati yetu ni mzee asiyeweza kutembea.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, Mkutano Mkuu ufikirie mambo haya. Kila chama cha msingi kiwe na ghala kwenye nchi ya juu, au angalau chumba cha juu kilichoazimwa kabla ya masika. Daftari la wanachama liandikwe nakala mbili, moja ikae Chama Kikuu. Mbegu ya akiba itengwe kila mavuno, ya mpunga na ya mlau pia, ili maji yakiondoka tusingoje msaada huku unyevu unakauka. Mitumbwi ya wanachama iorodheshwe na wenye nayo waahidiwe malipo. Mtu mmoja katika kila kijiji apokee habari za mto na za bwawa kutoka wilayani, naye azipeleke msikitini, kanisani na sokoni siku hiyohiyo. Na fungu dogo la kila kilo itakayouzwa liwekwe katika mfuko wa maafa, usioguswa kwa jambo lingine lolote. Najua fungu hilo litapunguza malipo ya mkulima, na wapo watakaolipinga kwa haki. Nawaomba watazame kurasa za mwaka 2024 kabla ya kupiga kura. Nimeziweka ofisini, kila atakaye azione.

Chama chetu kimetimiza miaka kumi, umri wa mtoto anayeanza kutumwa dukani na kurudi na chenji kamili. Wazee walijenga dungu kabla ya maji, wala hawakungoja kuyaona. Akiba haiozi, walisema, nasi tuwafuate. Mto utakuja tena, Mungu akipenda, na rutuba yake. Utukute tumepanda juu pamoja, na daftari letu likiwa kavu.