Jiko lako la gesi ya kuni linafuka moshi? Tafuta ugonjwa wake hapa

Leo tuingie jikoni kidogo, na akina kaka msikimbie, hii ni kazi ya fundi kama kazi nyingine.

Haya majiko ya makopo mawili, moja ndani ya jingine, yanayowashwa juu badala ya chini, siku hizi vijana wengi wanajitengenezea. Ukilipata sawasawa linawaka kama gesi ya mtungi. Ukilikosea, ni balaa. Langu mimi siku ya kwanza lilifuka mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Bi mkubwa akanipa wiki moja tu, la sivyo liende kwa muuza chuma chakavu. Niliyojifunza wiki ile ndiyo haya.

KWANZA, LINAFANYAJE KAZI?

Kuni yenyewe haiwaki moto wa kupanda juu. Inayowaka ni gesi inayotoka ndani yake ikishapata joto kama la nyuzi 300 za sentigredi. Katika jiko hili hewa ya chini inapita kidogo katikati ya kuni, tabaka la moto linashuka taratibu, gesi inapanda. Ikifika juu inakutana na hewa ya pili kutoka kwenye vitundu vya pembeni, na hapo ndipo inawaka. Chini unabaki mkaa.

Mmarekani Thomas Reed alianza kulifanyia kazi wazo hili mwaka 1985. Mnorwei Paal Wendelbo naye alikuwa na lake, likatumika Uganda kwa jina la Peko Pe, yaani kwa Kiacholi "hakuna tatizo". Huko kwenye baridi kama Austria na Sweden, watu wanapasha nyumba nzima kwa boila za kuni zinazofuata kanuni hiyohiyo ya kutoa gesi kwanza, kisha kuichoma.

Shika hili moja: MOSHI MWEUPE NI GESI AMBAYO HAIJAWAKA. Yaani chakula cha moto kinapotea hewani, na wewe unakivuta.

SASA MAGONJWA YENYEWE

1. Moshi mweupe mwingi, juu hakuna moto.
Umewasha upande mmoja tu, au umewasha chini kwa mazoea ya mafiga. Panga kuni, tandaza maranda au makumbi makavu juu nzima, washa pande zote. Moto ukizimika ghafla na moshi ukatoka, washa tena juu kwa kijiti kirefu, uso ukiwa mbali, maana gesi inaweza kulipuka "puu!" na kuondoka na nyusi. Na usithubutu kumwagia mafuta ya taa jiko la moto!

2. Linafoka "shii" na povu linatoka kwenye ncha za kuni.
Kuni mbichi. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na joto lako lote linaishia kuyachemsha. Chukua kipande, kipime kwenye mizani ya duka, kianike mpaka uzito usishuke tena. Kilo moja ikibaki gramu 700, basi maji yalikuwa angalau asilimia 30. Unataka chini ya 20. Huna mizani? Gonganisha vipande viwili: vikavu vinalia "ta!", vibichi vinalia "du".

3. Linaanza vizuri, katikati linakufa.
Hewa ya chini haipiti. Aidha majivu yameziba vitundu, au umejaza vumbi la mbao likashikana kama udongo. Tumia vipande vinavyolingana, urefu wa vidole viwili hivi, au magunzi yaliyokatwa, au vifuu vilivyovunjwa. Pumba za mpunga zinahitaji feni. Mfilipino Alexis Belonio aliyetengeneza jiko la pumba alitumia feni ndogo ya kompyuta, kwa hiyo ile CPU mbovu iliyoko uvunguni usiitupe.

4. Moto mrefu wa njano, sufuria imejaa masizi.
Gesi ni nyingi kuliko hewa ya juu. Punguza hewa ya chini kwanza. Haijasaidia? Angalia vitundu vya juu, mara nyingi vimezibwa na lami ya kuni. Vikwangue kwa msumari. Kumbuka, hewa ya juu inatakiwa iwe nyingi kuliko ya chini. Fundi wangu alitoboa kinyume, ndiyo maana ya ile ndoo ya jirani.

5. Bila sufuria linawaka safi, ukiteleka tu linafuka.
Sufuria imekaa chini mno. Inaziba njia, na kitako chake cha baridi kinaupoza moto kabla gesi haijaisha kuwaka. Inyanyue kwa vyuma vitatu, nafasi ya kidole kimoja au viwili.

6. Moto unayumba na kuzimika.
Upepo. Weka kizuizi cha bati upande upepo unakotokea, ila usiliziba jiko.

7. Umeongeza kuni katikati ya mapishi, moshi umerudi.
Jiko hili linajazwa mara moja. Likiisha, mimina, jaza upya, washa upya.

HAPA SIO UTANI

Moto wa njano ukiisha, vikibaki vimiali vidogo vya bluu, gesi imekwisha na sasa unaungua mkaa. Moshi huuoni, na ndiyo hatari yenyewe: mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Wenzetu wa Njombe, Mbeya na Arusha mnajua baridi ya Julai na ile tabia ya kuingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Mtu analala, haamki. Ukiona kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu imelegea, toeni watu wote nje kwenye hewa halafu hospitali. Mkaa uliobaki umimine kwenye debe la chuma lenye mfuniko, uzimike huko NJE.

Na hata moshi wa kawaida unaua, polepole. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani. Serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa kuwafikisha wananchi asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mpaka mtungi umfikie kila mama, walau tupunguze moshi kwa msumari na bati.

Rekebisha kitu kimoja kwa wakati, uone. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua kipi kimeponya.

Langu? Bado liko nyumbani, muuza chuma chakavu hakulipata. Lako lina ugonjwa ambao sijautaja? Mwaga hapo chini, tutafute dawa pamoja.