Okapi: jina la mnyama wetu kwenye kisu cha mfukoni

MUTWANGA, sekta ya Ruwenzori – Panga la mkulima linaonekana mkononi. Kisu cha kukunja kinakaa mfukoni, na kazi zake ni nyingi: kumenya muhogo, kukata kamba, kufungua kopo, hata kukaza visi ya redio. Kazi hizo zote hazikutoka kiwandani. Nyingi ziliongezwa na wenye visu, nyumbani, kwa tupa na jiwe la kunolea.

Kisu kinachojulikana zaidi Afrika katika jamii hiyo kinaitwa Okapi, na jina lake linaanzia karibu na hapa. Mwaka wa 1900, Mwingereza Harry Johnston, aliyekuwa akiongoza Uganda, aliwarudisha Wambuti nyumbani Kongo baada ya kuwaokoa mikononi mwa Mjerumani aliyetaka kuwapeleka Ulaya kuwaonyesha watu. Katika kituo cha Mbeni, upande wa mto Semuliki, akapewa vipande vya ngozi yenye mistari. Mwaka wa 1901 wataalamu wa London walimwandika mnyama huyo kwenye vitabu vyao. Wambuti walikuwa wakimjua tangu zamani.

Mwaka uliofuata, 1902, Wajerumani walianza kutengeneza visu vya Okapi kwa ajili ya kuviuza katika makoloni yao ya Afrika. Mpini ni wa mbao, na mgongoni kuna resori yenye pete. Ubao wa kisu una meno. Ukifungua, unasikia yakilia moja moja. Ili kukunja, unavuta pete. Tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini.

Wazo la kuongeza kazi kwenye kisu kimoja lilikuwa limetumika kidogo kabla yake, Uswisi. Askari walipewa bunduki mpya ya mwaka wa 1889 ambayo haikufunguliwa bila turnevisi, tena chakula chao kilikuwa cha makopo. Kisu walichopewa kikawa na ubao, msumari wa kutobolea, kifungua kopo na turnevisi. Fundi Karl Elsener wa Ibach alianza kuwaletea mwaka wa 1891. Baadaye aligundua kwamba resori moja inaweza kushika vyombo vya pande zote mbili za mpini, na tarehe 12 Juni 1897 akaandikisha kisu cha maofisa.

Anayefanya kazi hiyo nyumbani hana kiwanda, lakini anafuata njia ileile: anaangalia kinachokosekana. Anasawazisha ncha kwa tupa iwe turnevisi. Anachonga pengo mgongoni mwa ubao ili kufungua chupa au kuchuna waya. Anatoboa mpini apitishe kamba. Hatari yake ni moto. Mashine ya kunolea ikipasha ubao mpaka uwe wa buluu, chuma kimelainika na hakitashika makali tena. Ndiyo maana fundi mwenye subira hutumia tupa, na kila mara huchovya ubao katika maji.

Kuna pia wanaobadilisha kisu kwa nia nyingine. Afrika Kusini Okapi ilipata sifa mbaya kwa sababu ya ugomvi wa mitaani. Na hapa wilayani Beni, tangu Oktoba 2014, raia wengi wameuawa kwa mapanga na visu. Vijiji vya Ruwenzori vimelia pia. Kwa hiyo siku hizi chuma mfukoni mwa kijana kinatia watu hofu, hata kama ni cha kumenyea muhogo.

Hofu hiyo ina sababu. Lakini historia ya kisu hiki inaonyesha jambo la kuangalia: ncha iliyosawazishwa kuwa turnevisi haichomi tena. Aliyeitengeneza hivyo alichagua kazi. Mzee anayejua kushika tupa akimfundisha mjukuu wake hilo, anampa ufundi, na pia anampa jibu akiulizwa njiani kile kisu ni cha nini.