ORTF: Burudani Jasiri, Habari Zilizofungwa Mdomo

Sheria ya tarehe 27 Juni 1964 iliiondoa RTF, shirika lililotangulia, na kuiweka ORTF, shirika la umma lililoshika redio na televisheni ya Ufaransa hadi mwisho wa 1974. Kila likumbukwapo, hukumu huwa ileile: lilikuwa kinywa cha serikali. Kwa upande wa habari, ushahidi upo. Mwaka 1963 waziri Alain Peyrefitte aliunda ofisi ambamo wajumbe wa wizara walikutana na wakuu wa utangazaji kuelekezana lipi litangazwe na lipi linyamaziwe. Lakini anayeishia hapo hawezi kueleza kwa nini wafanyakazi wa shirika hilohilo waligoma kwa wiki kadhaa mwaka 1968. Mimi naona chanzo kikubwa ni burudani: vipindi vyake vilimzoesha mtazamaji, na mtengenezaji pia, ukweli ambao taarifa ya habari ilimnyima.

Tazama Discorama, kipindi cha muziki cha Denise Glaser, kilichoanza 1959. Studio tupu, mwanamuziki ameketi, na mtangazaji asiyeogopa kunyamaza. Waimbaji Barbara, Brel na Gainsbourg waliachwa watafute maneno yao wenyewe mbele ya kamera, jambo ambalo hakuna waziri aliyewahi kudaiwa katika taarifa ya jioni. Jean-Christophe Averty naye, katika kipindi chake Les Raisins verts, alionyesha wanasesere wa watoto wakisagwa kwenye mashine ya nyama, malalamiko yakamiminika. Aprili 1968 katuni za Les Shadoks ziliwagawa watazamaji wakabishana vikali. Siku chache baadaye, Mei 10, kipindi cha Panorama kuhusu wanafunzi walioasi kikazuiwa, na usiku huohuo vizuizi vikajengwa katika mitaa ya Paris. Taifa lililoruhusiwa kugombana juu ya katuni likakatazwa kuona mitaa yake. Tofauti hiyo haikuvumilika tena, na waliogoma hawakuwa wanahabari peke yao: waongozaji na watayarishaji walikuwamo.

Atasema mtu kwamba burudani ilikuwa dawa ya usingizi, kwamba Guy Lux na michezo yake ya Intervilles iliwekwa ili watu wasiulize. Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Tena burudani nayo haikuwa huru kabisa. Wimbo wa Boris Vian, Le Déserteur, ulikuwa umefungiwa redioni tangu enzi za vita vya ukoloni. Ila dawa ya usingizi haizai mgomo. Wanahabari wapatao 100 waliondolewa au kuhamishwa baada ya mgomo ule, na hata hivyo, mwaka 1969, waziri mkuu Jacques Chaban-Delmas alipotaka habari zenye uhuru zaidi, habari za chaneli ya kwanza alikabidhiwa Pierre Desgraupes. Huyu hakulelewa na taarifa za kiserikali. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa jarida la televisheni la Cinq colonnes à la une, lililotumia picha na masimulizi marefu kuonyesha vita vya Algeria, ingawa mkasi wa wakubwa ulilifikia pia. Jaribio hilo la habari huru lilizimwa 1972. Sheria ya Agosti 7, 1974 ikaligawa shirika katika vyombo saba, zikiwemo TF1, Antenne 2 na FR3, na Discorama ikakoma mwanzoni mwa 1975. Ukiritimba wa dola ulibaki katika sheria hadi 1982.