"Jambo" na "Jamboree": Asili Inayodaiwa ya Neno la Kiingereza

Limeenea dai kwamba neno la Kiingereza jamboree, yaani mkusanyiko mkubwa wa shangwe, limetokana na salamu ya Kiswahili "jambo". Aghalabu dai hili huhusishwa na Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, aliyeuita hivyo mkutano wa kwanza wa maskauti wa dunia uliofanyika Olympia, London, mwaka 1920. Kaburi lake liko Nyeri, alikofariki mwaka 1941, na yamkini kaburi hilo ndilo linaloupa uvumi huu nguvu.

Kihistoria hoja hii haina mashiko. Neno hilo lilitumika Marekani tangu miaka ya 1860 kwa maana ya karamu ya makelele na ulevi. Baden-Powell alilikuta, akalitakasa. Isitoshe, alihamia Nyeri mwaka 1938, miaka 18 baada ya Olympia.

Mtetezi wa dai anaweza kutukumbusha kwamba Wamarekani walifika Unguja mapema: mkataba wao na Seyyid Said ni wa mwaka 1833, na kitambaa cha merikani kilibeba jina lao. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya Nyeri. Hata hivyo, biashara peke yake si ushahidi wa ukopaji. Kiishio cha neno hubaki bila maelezo, na maana hazikutani. Jambo ni shauri, tukio, na mara nyingi udhia. Anayeitikia "sijambo" anakanusha: hana la kumsumbua. "Jambo" tupu ni mkato waliozoeshwa wageni. Basi tunaambiwa kwamba karamu ilipewa jina la kitu ambacho Mswahili, akiamkuliwa, hukana kuwa nacho!

Suala hili si dogo. Waliodai kwamba Kiswahili ni tawi la Kiarabu nao waliegemea mfanano wa maneno. Tukiukubali ushahidi hafifu kwa kuwa unatusifu, tutaukataa kwa kigezo gani unapotudunisha?

Linganisha na tafrija. Mkopo huu wa Kiarabu unathibitika kwa umbo na kwa maana, kwani mzizi wake ni wa kuondolewa dhiki, na faraja ni nduguye. Jamboree halina ukoo wa namna hiyo kwetu. Kamusi za Kiingereza zenyewe huandika kwamba asili yake haijulikani.