Umbali wa seva unavyozikwaza timu za Counter-Strike Nairobi

TIMU ya Nairobi inayoshiriki mashindano ya michezo ya video ya kufyatua risasi hukabili wapinzani wawili kwa pamoja: kikosi pinzani, na umbali wa seva, yaani kompyuta inayosimamia mechi.

Mchezo mkongwe miongoni mwa michezo hii ni Counter-Strike, uliotolewa na kampuni ya Marekani, Valve, mwaka 2000. Toleo la baadaye, Counter-Strike 2, lilitoka mwaka 2023.

Kila kikosi huwa na wachezaji watano. Upande mmoja hujaribu kutega bomu, mwingine huuzuia. Pande hubadilishana baada ya raundi 12, na anayetangulia kushinda raundi 13 hutwaa mechi.

Seva huhesabu upya hali ya uwanja mara 64 kwa sekunde, takriban kila milisekunde 16.

Ndani ya waya wa faiba, mwanga husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt, Ujerumani, ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari mnyoofu, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 60. Kwa kuwa nyaya hupitia Mombasa na kuzunguka chini ya bahari, muda halisi kwa kawaida huzidi 100.

Matokeo yake, mchezaji ambaye kwenye skrini yake amekwisha kujificha nyuma ya ukuta huweza kuuawa, kwani seva bado inamwona akiwa peupe.

Nyaya za TEAMS na SEACOM, zilizofika Mombasa mwaka 2009, ziliondoa utegemezi wa setilaiti, iliyochelewesha jibu kwa takriban nusu sekunde. Hata hivyo, Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota kote Afrika Mashariki.

Jijini, faiba imefika nyumba nyingi za Westlands, Kilimani na Lavington. Wasio nayo hulipia muda katika kumbi za michezo katikati ya jiji.

Kumbi hizo zina faida moja: mashine zikiunganishwa na seva iliyomo humo humo, ucheleweshaji hutoweka karibu wote. Ndiyo maana fainali za mashindano makubwa duniani huchezewa ukumbini. Tatizo ni kwamba mechi nyingi za kufuzu huchezwa mtandaoni.

Vipaji havikosekani. Mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kigeni, XiT Gaming, ingawa kwa Tekken, mchezo wa kupigana mtu kwa mtu.

Seva ikiwa Johannesburg, umbali hupungua hadi kilomita 2,900 hivi. Mradi mechi za kufuzu zinaendeshwa kutoka Ulaya, alama za timu ya Nairobi zitapima umbali pamoja na umahiri.